Dansi Lililobeba Jina la Morogoro



Usiku wa harambee yetu mwaka huu bendi itapiga mbele ya macho yetu, bila santuri wala kompyuta. Kabla hujakata tiketi, nakuomba usome kidogo tulikotoka.

Vijana wengi wakisikia neno "jazz" hufikiria muziki wa Wamarekani. Kwa wazee wetu, jazz lilikuwa jina la bendi ya dansi: magitaa, saksafoni, tumba na nyimbo za Kiswahili. Rumba ya Cuba ilifika kwa santuri, wapigaji wetu wakaisikiliza, wakaipa maneno na mwendo wa kwetu.

Morogoro Jazz ilianzishwa mwaka 1944. Mwaka 1948 Salum Abdallah na wenzake wakaanzisha bendi yao, ambayo baadaye ilijulikana kama Cuban Marimba. Mji mdogo chini ya Uluguru ukawa na mafahali wawili, na mashabiki wakagawanyika kama wa mpira. Ushindani huo ndio uliotunoa. Salum Abdallah alipofariki kwa ajali ya gari mwaka 1965, Cuban Marimba haikufa. Juma Kilaza aliipokea na kuiendeleza. Upande wa pili alikuwa ameinuka Mbaraka Mwinshehe, fundi wa gitaa la solo, mtunzi na mwimbaji. Mwaka 1970 Morogoro Jazz ilikwenda Osaka, Japani, kuiwakilisha Tanzania kwenye maonyesho ya dunia. Mwaka 1973 Mbaraka aliondoka akaunda Super Volcano, na Januari 1979 ajali ya gari ilimchukua huko Mombasa.

Nyimbo zao bado tunazisikia redioni. Lakini redio hutupa nusu tu. Upande mmoja wa santuri ndogo ulibeba dakika tatu hivi, ikabidi wimbo ukatwe. Ukumbini haukukatwa. Mwimbaji alimaliza beti zake, kisha magitaa yakaingia kwenye chemko, na maadamu watu wanacheza, mpiga solo hakuwa na haraka. Aliwatazama wachezaji miguuni, nao wakamtazama vidoleni. Mwenye furaha alipanda jukwaani akamtunza mwimbaji. Sisi watoto tulijibanza dirishani, tukajifunza nyimbo zile kabla hatujajua maana yake.

Wenzetu waliohamia Dar es Salaam nao walilijua hili. Western Jazz, iliyoanza mwaka 1959, ilibeba jina la Jimbo la Magharibi. Kilwa Jazz ilibeba jina la Kilwa. Aliye mbali na kwao alipata pa kukutana na ndugu, kusikia habari za nyumbani, na pengine kuchangia msiba au harusi. Kwa hiyo tunapokusanyika kwa dansi ili tujenge kwetu, hatuigi mtu. Tunarudia desturi ya wazee wetu.

Katika mkutano wetu mkuu mwanachama mmoja aliuliza: tutanunuaje magitaa wakati watoto wanakaa chini darasani? Swali ni zito, na halifai kujibiwa kwa mzaha. Jibu langu ni kwamba madawati yaje kwanza. Kiingilio chote cha mlangoni kiende kwenye madawati, na magitaa yanunuliwe kwa michango ya hiari pekee. Lakini tusisahau kinachowavuta watu mlangoni. Hotuba zetu peke yake hazijawahi kujaza ukumbi. Bendi huujaza.

Dawati likichelewa mwaka mmoja, fundi seremala bado yupo. Mzee anayejua jinsi solo na ridhim zinavyojibizana akiondoka bila kumfundisha kijana, hakuna fedha ya kumrudisha. Wapigaji wa zama zile wamebaki wachache, na baadhi yao hawana hata gitaa la kushika. Tukiwapa vyombo na vijana wa kufundisha, tutakuwa tumelipa sehemu ya deni, kwa maana jina la Morogoro lilivuka bahari mikononi mwa wanamuziki.

Basi njoo na jamaa yako, na umlete mtoto asiyewahi kusimama karibu na tumba linapopigwa. Lipa kiingilio kwa ajili ya madawati. Na chemko likianza, usikae kitini: cheza, kisha utunze.