Chembe iliyofutwa kwenye orodha kwa miaka 20

Leo tuweke kando mambo ya seva, tuzungumze fizikia. Lakini naanzia kwenye mahindi.

Miaka michache iliyopita niliandika programu ya ghala lililopokea mahindi kutoka Kitale na Bungoma. Kanuni ilikuwa moja: gunia ni kilo 90, rekodi isiyolingana itupwe. Programu haikulalamika hata kidogo. Msimu ulipoisha, akina mama waliopimiwa kwa debe na gorogoro wakaja kudai pesa zao, na kwenye hesabu hawakuwemo kabisa! Kosa lilikuwa langu.

Juzi nikisoma historia ya mesoni nyepesi, nikakuta wanafizikia nao waliwahi kufuta kitu kilichokuwepo.

Mwaka 1935 Hideki Yukawa wa Japani alitabiri chembe inayoshikanisha protoni na nyutroni. Mwaka 1947 kundi la Cecil Powell, Uingereza, likaigundua kwenye sahani za picha zilizowekwa milimani. Ndiyo pioni, mesoni nyepesi kuliko zote. Baadaye zikapatikana nyingi mno. Mwaka 1964 Murray Gell-Mann na George Zweig, kila mmoja kivyake, wakaleta kanuni: mesoni ni kwaki moja na antikwaki moja. Kwa aina tatu za kwaki (u, d na s), unapata michanganyiko tisa. Safi kabisa, kama jedwali la hifadhidata.

Tatizo ni kundi moja lililokataa kuingia jedwalini. Kwaki s ni nzito kuliko u na d, kwa hiyo mesoni yenye s inapaswa kuwa nzito zaidi. Chembe iitwayo a0(980), kwa kanuni ya kwaki mbili, haina s ndani yake. Ingefaa iwe kati ya zile nyepesi katika kundi lake. Kumbe ni kati ya zile nzito! Mwaka 1977 Robert Jaffe wa Marekani akapendekeza jibu: huenda zina kwaki mbili na antikwaki mbili. Ukihesabu hivyo, a0(980) inabeba s na antikwaki yake, na uzito unaeleweka.

Ndugu yao mwepesi, sigma, ndiye aliyeumia. Huvunjika haraka mno, hivyo kwenye vipimo haonyeshi kilele chembamba bali kilima kilichotapakaa. Wengi walitilia shaka kama yupo. Katikati ya miaka ya 1970 akaondolewa kwenye orodha rasmi ya chembe, akarudishwa mwaka 1996. Mwaka 2006 Caprini, Colangelo na Leutwyler walikokotoa tungamo lake kwa usahihi: takribani MeV 441, ambapo protoni ni 938. Leo anaitwa f0(500). Wengi wanakubali kwamba si kwaki na antikwaki tu, ingawa mjadala kuhusu yaliyomo ndani yake haujaisha: kwaki nne zilizofungamana, au pioni mbili zinazoshikana kwa muda mfupi tu?

Nami nimebadilisha programu yangu. Rekodi isiyolingana haitupwi tena. Inakwenda kwenye orodha yake, na mtu anaikagua kabla ya malipo. Wale akina mama walilipwa, ila kwa kuchelewa.

Haya, tuonane wakati mwingine.