Askofu Mtoto: Desturi ya Kale ya Siku za Noeli

Katika Uingereza ya zamani palikuwa na desturi iwezayo kumstaajabisha mwalimu wa leo. Katika makanisa makuu, kama ya Salisbury na la Mtakatifu Paulo katika London, mmoja wa watoto waimbaji alichaguliwa kuwa askofu wa watoto. Mara nyingi alichaguliwa siku ya Mtakatifu Nikolao, tarehe 6 Desemba, na cheo chake kilikoma sikukuu ya Watoto Mashahidi, tarehe 28 Desemba.

Mtoto huyo alivikwa joho na kofia ya kiaskofu, akashika fimbo. Mahali pengine, wimbo wa Bikira Maria ulipofika penye maneno ya wakuu kushushwa na wanyonge kuinuliwa, wakubwa waliondoka katika viti vyao, na watoto wakavikalia. Hivyo neno lililosikiwa kwa masikio lilionekana kwa macho.

Je, ulikuwa mchezo mtupu? John Colet, mkuu wa makasisi wa Mtakatifu Paulo, hakuuona hivyo. Katika kanuni za shule yake za mwaka 1518 aliagiza wanafunzi wote, ambao hesabu yao ilikuwa 153, waende kusikiliza mahubiri ya askofu mtoto, na kila mmoja amtolee peni moja.

Lakini mwaka 1541 Mfalme Henry wa Nane aliikataza desturi hiyo, kwa kuwa aliona yaleta dhihaka kuliko utukufu wa Mungu. Wala hakukosa sababu kabisa, maana watoto walizunguka nyumba kwa nyumba wakikusanya fedha, na furaha hugeuka fujo upesi. Malkia Mary aliirudisha. Katika siku za Malkia Elizabeth ikakoma. Hata mwaka 1973 ikafufuliwa katika kanisa kuu la Hereford.

Basi wote wawili, Colet na mfalme, waliona jambo la kweli. Mchezo ule ule humfundisha mtoto, au humzoeza kudharau. Tofauti imo katika uangalizi wa wakubwa. Wahenga walisema, mtoto umleavyo ndivyo akuavyo. Mwalimu atengenezaye mchezo wa Noeli asitazame mavazi na nyimbo tu, bali aulize kwanza: je, mtoto huyu ameelewa anayoyaigiza? Na sisi tulioketi viti vya mbele, tu tayari kumwachia mahali petu?