Miaka Kumi Ambayo Magari ya Kenya Yalikunywa Miwa

Kila tarehe 14 jioni Wakenya tuna ibada moja. EPRA inatoa bei mpya ya mafuta, simu zinaanza kulia, na kama bei imepanda, kabla ya saa sita usiku kuna foleni kwa kila petroli stesheni. Kesho yake nauli ya matatu imeongezeka, na sote tunajua nauli ikishapanda huwa haishuki. Ndio sasa lile swali linaanza: kwani hakuna kitu kingine tunaweza kuweka kwa tangi badala ya mafuta ya Waarabu? Mmoja atajibu sola, mwingine atasema gari la stima, na hakukosi mtu wa kutaja Turkana.

Hakuna anayetaja molasi. Na hiyo ndiyo hunishangaza, kwa sababu kati ya 1983 na 1993 nchi hii ilikuwa inauza petroli iliyochanganywa na pombe ya miwa. Asilimia 10 ya kilichoingia kwa tangi kilikuwa alkoholi iliyotengenezwa Muhoroni, pale kwa barabara ya kuelekea Kisumu. Waliokuwa wanaendesha gari wakati huo walikuwa wanaita gasoholi. Muulize mzazi wako kama alikuwa na gari enzi za Nyayo, pengine aliitumia miaka mingi bila hata kujua.

Hebu turudi nyuma kidogo. Oktoba 1973, vita vya Waarabu na Israeli vikiendelea, nchi za Kiarabu zinazochimba mafuta zikaamua kuyatumia kama silaha. Pipa lililokuwa linauzwa kama dola 3 likafika karibu dola 12 mwanzoni mwa 1974. Kenya tulikuwa na kiwanda cha kusafisha mafuta pale Changamwe tangu 1963, lakini kusafisha si kumiliki. Mafuta ghafi yenyewe yalikuwa yanakuja kwa meli kutoka Ghuba, na yalilipwa kwa dola ambazo sisi tulizipata kwa kuuza kahawa na chai. Bei ya mafuta ikipanda mara nne na kahawa isipande, hesabu inakataa. Halafu 1979 mapinduzi ya Iran yakaja na pipa likavuka dola 30.

Serikali za wakati huo, na hapa lazima niwape heshima yao, hazikukaa tu kulalamika. Zilicheza kamari mbili.

Ya kwanza mnaijua, ni mvuke wa Olkaria. Visima viwili vilikuwa vimechimbwa huko Bonde la Ufa miaka ya 50, wakoloni wakaona havilipi, wakaacha. Miaka ya 70 kazi ikafufuliwa kwa msaada wa Umoja wa Mataifa, na 1981 mtambo wa kwanza wa megawati 15 ukawashwa. Kufikia 1985 ilikuwa mitambo mitatu, megawati 45. Watu hupenda kusema ndio mvuke wa kwanza Afrika. Si kweli kabisa, Wabelgiji walikuwa na kamtambo kadogo Katanga tangu 1952, lakini cha ukubwa wa maana kilikuwa chetu. Leo mvuke unatoa karibu asilimia 40 ya stima ya Kenya. Pongezi, ingawa kuna familia za Wamaasai waliohamishwa ili mitambo ipanuke, na hiyo nayo ina makala yake siku nyingine.

Lakini angalia kitu kimoja. Stima ya Olkaria iliondoa mafuta kwa jenereta. Haikuondoa hata tone moja kwa lori, matatu wala trekta. Kwa tangi la gari ni kamari ya pili tu ndiyo ilifika, ile ambayo tumeisahau.

Wazo lenyewe lilikuwa rahisi. Ukisaga miwa na kutoa sukari, kinabaki kitu kizito cheusi kama lami, kitamu na kichungu kwa wakati mmoja. Hiyo ndiyo molasi. Bado ina sukari ambayo kiwanda hakiwezi kuigandisha tena. Ukiweka maji na hamira, inachacha. Ukiichemsha na kukusanya mvuke wake, unapata alkoholi. Wapika chang'aa wanalijua somo hili vizuri kuliko profesa yeyote, na ndio maana molasi huwa inapotea njiani kutoka viwandani. Tofauti ni hatua ya mwisho: pombe ya gari lazima itolewe maji karibu yote, kwa sababu maji yakibaki, petroli na alkoholi vinaachana ndani ya tangi na gari linazima.

Uzuri wake ni kwamba hakuna shamba la mahindi lililochukuliwa. Miwa ilikuwa inapandwa kwa ajili ya sukari hata hivyo. Molasi ilikuwa mabaki, na nyingine ilikuwa inalishwa ng'ombe au kuuzwa nje kwa bei ya kutupa.

Sasa tulifanyaje? Tulianza vibaya. Mwaka 1977 serikali na wawekezaji wa nje walianza mradi mkubwa Kisumu, Kenya Chemical and Food Corporation, ambao kila mtu anaujua kama Kisumu Molasses. Kiwanda kilitakiwa kitoe alkoholi, hamira, asidi ya limau, siki, kila kitu kwa mpigo. Kilijengwa mjini, mbali na viwanda vya sukari, kumaanisha molasi ingesafirishwa kwa malori yanayochoma mafuta ili itengeneze kitu cha kuchukua nafasi ya mafuta. Gharama zikapanda kupita makadirio, deni likavimba, na mwanzoni mwa miaka ya 80 ujenzi ukasimama kabla kiwanda hakijatoa hata lita moja.

Mabomba yalikaa pale yakishika kutu, lakini jina halikupumzika. Robert Ouko, aliyekuwa Waziri wa Mambo ya Nje na mbunge wa Kisumu Town, alikuwa anapigania kifufuliwe. Februari 1990 akauawa. Mpelelezi wa Scotland Yard, John Troon, alipoletwa kuchunguza, mradi wa Molasses ulikuwa kati ya mambo aliyoyataja kwa ripoti yake. Mpaka leo hakuna aliyepatikana na hatia ya mauaji hayo, kwa hivyo nami siendi zaidi ya hapo. Ninachosema ni kwamba kwa wazee wengi neno molasi halinuki mafuta ya gari, linanuka siasa. Nadhani ndio sababu moja hatulitaji.

Kumbe kilichofanya kazi ni kiwanda kidogo ambacho hakikuwa na kelele. Agro-Chemical and Food Company kilijengwa Muhoroni, ukuta kwa ukuta na kiwanda cha sukari. Molasi haikuhitaji kusafiri. Uwezo wake ulikuwa lita 60,000 za alkoholi kwa siku. Kwa mchanganyiko wa asilimia 10, hiyo inatosha kutengeneza lita 600,000 za gasoholi kila siku kiwanda kikifanya kazi vizuri. Mainjini hayakubadilishwa. Lita ya alkoholi ina nguvu kama theluthi mbili tu ya lita ya petroli, lakini kwa asilimia 10 dereva wa kawaida hasikii tofauti. Na alkoholi inaongeza okteni, kazi ambayo wakati huo ilikuwa inafanywa na risasi, ile sumu tuliyoendelea kuvuta kwa moshi wa magari hadi karibu 2006.

Sasa mbona tukaacha?

Jibu la haraka ni kwamba mafuta yalirudi kuwa rahisi. Mwaka 1986 bei ya pipa ilianguka mpaka chini ya dola 15, na ghafla pombe ya Muhoroni ikaonekana anasa. Lakini jibu hilo pekee ni la uvivu, kwa sababu kuna wenzetu ambao bei hiyo hiyo iliwapata na hawakuacha.

Brazili ndio mfano wa kila mtu. Walianza mpango wao wa Proálcool Novemba 1975 chini ya serikali ya kijeshi ya Ernesto Geisel. Wao hawakuomba kampuni za mafuta zichanganye, waliziamuru. Kufikia katikati ya miaka ya 80, zaidi ya magari 9 kati ya 10 mapya yalikuwa ya alkoholi tupu. Na wao pia walipigwa: mwishoni mwa muongo ule bei ya sukari ilipanda, wenye viwanda wakageukia sukari, na madereva wakakwama kwa foleni bila alkoholi. Watu wakaapa hawatanunua tena gari la pombe. Lakini sheria ya kuchanganya kwa petroli ya kawaida ilibaki, viwanda vikabaki hai, na 2003 yalipoingia magari yanayokubali petroli au alkoholi kwa tangi moja, kila kitu kilikuwa tayari kinawasubiri. Leo petroli yao ina zaidi ya robo alkoholi.

Utasema Brazili ni kubwa, tusijilinganishe nao. Sawa, chukua Malawi. Ndogo kuliko sisi, maskini kuliko sisi, haina bahari. Kiwanda chao cha Dwangwa kilianza 1982, karibu pamoja na chetu, na waliendelea kuchanganya alkoholi kwa petroli miaka mingi baada yetu kuacha. Sababu yao ilikuwa jiografia: kila lita ya petroli ilikuwa inafika kwao baada ya safari ndefu kupitia nchi za watu, kwa hivyo hata pipa likishuka bei kule Ghuba, hawakuwahi kusahau kwamba mlango unaweza kufungwa. Sisi tuna Mombasa. Tangu 1978 tuna bomba la mafuta kutoka Mombasa hadi Nairobi. Tulijiona salama.

Na hapa kwetu kila mtu kwa mnyororo ule alikuwa na sababu ya kutoupenda. Bei ya alkoholi ilipangwa na serikali na kiwanda kililia kwamba ni ndogo. Kampuni za kuuza mafuta hazikuona faida ya kupunguza petroli yao kwa asilimia 10 ili zinunue kitu cha jirani. Sukari yenyewe haikuwa ikitutosha, kwa hivyo hata molasi ilikuwa ya kugombaniwa, na mnunuzi wa nje alikuwa analipa vizuri zaidi. Kufikia 1993 kuchanganya kukakoma. Mwaka uliofuata biashara ya mafuta ikaachwa huria, na hakuna mtu ndani ya soko huria ataamka asubuhi kuchanganya pombe kwa hiari yake. Muhoroni hawakufunga. Waliendelea kutengeneza spiriti ya vinywaji na viwanda, na hamira. Kwa ufupi, pombe ilihama kutoka kwa gari ikaingia kwa chupa.

Tangu hapo tumekuwa tukizunguka. Bei ya mafuta ilipopanda tena miaka ya 2000, tuliambiwa tupande mbono kaburi, ati unaota kwa ukame na mbegu zake zinatoa dizeli. Wakulima wakapanda. Utafiti wa 2009 ukaonyesha mavuno ni duni na heri upandwe kama ua tu. Kule Dakatcha, karibu na Malindi, wanakijiji walilazimika kupambana ili msitu wao usigeuzwe shamba la mbono. Mwaka 2010 serikali ikatangaza kwamba mchanganyiko wa asilimia 10 unarudi, kuanzia magharibi mwa nchi. Haukurudi. 2012 Tullow wakapata mafuta Turkana, na nchi nzima ikasahau habari ya mbadala kwa sababu sasa sisi wenyewe tulikuwa tunakaribia kuwa Waarabu. Meli ya kwanza, mapipa 200,000, iliondoka Mombasa Agosti 2019.

Sisemi molasi ingetuokoa. Piga hesabu mwenyewe: lita 60,000 kwa siku, hata ukizidisha mara tano, bado ni sehemu ndogo ya petroli ambayo nchi hii inachoma leo na maboda haya yote. Ukitaka zaidi ya hapo lazima upande miwa ya mafuta, na hapo unaanza kugombania ardhi na maji na chakula. Magari na pikipiki za stima pengine ndio njia, hasa kwa nchi ambayo karibu asilimia 90 ya stima yake haitoki kwa mafuta. Lakini hata hiyo pikipiki ya stima itakutana na mtihani uleule siku pipa likishuka bei: kama ni soko tu linaibeba, soko litaishusha njiani.

Mwaka 2025 serikali ilikodisha viwanda vinne vya sukari vya umma kwa wawekezaji binafsi kwa miaka 30: Nzoia, Chemelil, Sony na Muhoroni. Nilifuatilia mjadala ule kwa redio na mitandaoni. Wafanyakazi walidai malimbikizo ya mishahara, na walikuwa na haki. Wakulima waliuliza bei ya tani ya miwa. Wanasiasa waligombana kuhusu ardhi ya viwanda. Molasi itakuwa ya nani kwa hiyo miaka 30, na itaenda wapi, sikusikia mtu yeyote akiuliza.