Lugalo Haikuwa na Mizani

Wapenzi wa gemu za bunduki wana ubishi usioisha: silaha zifanane na zile za vitani, au zisawazishwe ili kila mchezaji apate nafasi ya kushinda? Counter-Strike, iliyotoka rasmi mwaka 2000, ilichagua usawa. Bunduki ya AWP inaua kwa risasi moja ya kifuani, lakini bei yake ni dola 4,750 za humo humo kwenye gemu, na anayeibeba anakimbia polepole. Mwaka uliofuata Operation Flashpoint ikashika njia nyingine: unatembea weee, halafu risasi moja tu, umekwisha.

Sisi wa Nyanda za Juu Kusini tuna kipimo chetu cha ubishi huu. Toka Mgololo, pita Mafinga na Iringa mjini, endelea na barabara ya Morogoro, utafika Lugalo. Hapo, tarehe 17 Agosti 1891, Emil von Zelewski alipita na kikosi cha Wajerumani, askari wake wengi wakiwa Waafrika wenye bunduki za kisasa, na rashasha juu yake. Wapiganaji wa Mkwawa wengi wao walishika mikuki na ngao. Kwa hesabu za gemu, mechi imeisha kabla haijaanza.

Kumbe wapi! Kikosi kilikuwa safarini, mstari mrefu wenye wapagazi katikati, na Wahehe walikuwa wamejificha karibu kabisa na njia. Rashasha iliyofungwa kama mzigo ni chuma tu. Ndani ya dakika chache Zelewski na watu wake wengi walikuwa wameuawa.

Lakini tarehe 30 Oktoba 1894 Wajerumani waliiteka Kalenga, baada ya kulipiga boma lake kwa mizinga. Safari hii umbali ulikuwa wao, na bunduki zilizotekwa Lugalo hazikutosha kuliokoa. Mkwawa alipigana akihamahama msituni hadi 19 Julai 1898, alipojipiga risasi. Hakukuwa na raundi mpya.

Kwa hiyo wanaodai uhalisia wasihesabu nguvu ya risasi peke yake; uhalisia ni umbali, muda na ardhi pia. Na wanaopenda mizani nao wajihadhari. Siku mtu akitengeneza gemu ya Lugalo, akawagawia Wahehe bunduki sawa na za Wajerumani ili mechi inoge, atakuwa amewapokonya ushindi wao.