Pumzi Ndani ya Ombwe

Mwanaanga Frank Poole anatoka nje ya chombo kwenda kurudisha kipuri mahali pake. Hakuna muziki. Kinachosikika ni pumzi yake tu ndani ya kofia: anavuta, anashusha, anavuta tena. Mara kile kichombo kidogo alichotokea nacho, sasa kikiongozwa na kompyuta, kinageuka na kumjia na mikono yake ya chuma. Sauti yote inakatika. Tunamwona Poole akitapatapa na kuushika mpira wa hewa uliochomoka, hadi anatulia na kuelea gizani.

Hiyo ni fizikia tupu. Sauti ni mtikisiko wa hewa, na pasipo hewa hakuna cha kutikisika. Stanley Kubrick angeweza kuweka kishindo kama walivyofanya wengine kabla na baada yake; Star Wars ya 1977 imejaa milipuko ya angani inayotetemesha viti vya ukumbi. Lakini katika 2001: A Space Odyssey, iliyoonyeshwa mara ya kwanza mjini Washington tarehe 2 Aprili 1968, Kubrick alishika ukweli. Kifo kisicho na mlio kinamwacha mtazamaji hana pa kujificha. Anabaki na swali: aliyeua ni mashine, je, mashine inaweza kuwa na hatia?

Kwa kawaida tunayatenga mambo haya mawili. Kuna watazamaji wanaokesha wakihesabu makosa ya kisayansi, na kuna wanaotafuta maana na kuona hesabu ni kazi ya watu wasio na hisia. Nimezifuata filamu hizi kwa miaka mingi, na naona kwamba yale maswali yaliyonikosesha usingizi mara nyingi yalizaliwa na hesabu iliyopigwa sawasawa.

Mwanzoni hesabu haikuwa na nafasi. Mwaka 1902 Mfaransa Georges Méliès, aliyetoka katika kazi ya mazingaombwe jukwaani, alitoa Le Voyage dans la Lune, filamu ya robo saa hivi ambamo wanafalaki wanarushwa kwa mzinga na kuupiga Mwezi jichoni. Mzinga huo alikuwa ameshauandika Jules Verne mwaka 1865. Verne alijua kwamba mwendo unaotakiwa ni kama kilomita 11 kwa sekunde, ila mzinga wake ulikuwa na urefu wa mita 270 tu. Ukikokotoa, abiria wangebanwa kwa zaidi ya mara 20,000 ya uzito wao, na wangekuwa uji kabla hawajafika mdomo wa mzinga. Méliès hakujali hayo wala hakuwa na haja ya kujali. Alikuwa akifurahisha macho.

Hesabu iliingia Berlin, tarehe 15 Oktoba 1929, filamu ya Fritz Lang iitwayo Frau im Mond ilipozinduliwa. Mswada uliandikwa na mkewe, Thea von Harbou, na mshauri wa sayansi alikuwa Hermann Oberth, ambaye mwaka 1923 alichapisha kitabu kuhusu roketi za kwenda kwenye sayari. Ukiitazama leo unashtuka. Roketi ina hatua kadhaa, moja ikiisha inaachwa. Inasogezwa wima kutoka kwenye jengo refu hadi mahali pa kurushia. Abiria wanalala vitandani ili miili ihimili msukumo, na sakafuni kuna mikanda ya kupachika miguu mtu asielee. Halafu maandishi yanatokea kwenye kiwambo yakihesabu kurudi nyuma hadi sifuri. Lang alieleza baadaye kwamba ukihesabu kwenda mbele mtazamaji hajui utakomea wapi, lakini ukirudi nyuma kila mtu anajua mwisho wake. Ilikuwa mbinu ya kumbana mtazamaji roho, na warushaji wa roketi za kweli wakaja kuifanya desturi yao.

Humo humo, upande wa nyuma wa Mwezi una hewa ya kuvuta na dhahabu ya kuokota. Kosa hilo la hewa halinisumbui. Kinachonisumbua ni yaliyofuata. Miongoni mwa vijana waliomsaidia Oberth katika majaribio yake ya roketi alikuwamo Wernher von Braun. Wanazi waliposhika madaraka, filamu iliondolewa kwenye kumbi kwa sababu ilifanana mno na silaha waliyokuwa wakiitengeneza kwa siri. Tarehe 3 Oktoba 1942, huko Peenemünde, roketi ya kwanza ya aina ya V-2 kufanikiwa kuruka ilikuwa imechorwa mwanamke aliyekaa juu ya Mwezi: Frau im Mond. Roketi hizo zikaja kuanguka London na Antwerp, na maelfu ya wafungwa wakafa katika kambi ya Mittelbau-Dora zilikoundwa. Lang aliuliza swali kuhusu tamaa ya dhahabu. Swali kuhusu roketi yenyewe hakuliuliza, na hakuna usahihi wa kihandisi uliojaza pengo hilo.

Kubrick aliliona pengo. Alipoanza kazi na mwandishi Arthur C. Clarke mwaka 1964, waliwachukua Frederick Ordway na Harry Lange, watu waliotoka NASA, wachore vyombo ambavyo kila kitufe chake kina kazi. Kampuni ya Vickers ilijenga gurudumu lenye kipenyo cha karibu mita 12, likizunguka kweli huku mwigizaji akikimbia ndani yake kama panya. Wazo ni sahihi: mzunguko unakusukuma kwenye ukingo, na ukingo unakuwa sakafu. Udhaifu upo kwenye ukubwa. Gurudumu dogo hivyo lingelazimika kuzunguka mara 12 hivi kwa dakika ili kutoa uzito wa duniani, na wanaanga wangetapika siku nzima.

Makosa mengine yalifanywa kwa kujua. Michoro ya mwanzo ya chombo Discovery ilikuwa na mapezi makubwa ya kupunguza joto, maana penye ombwe joto haliondoki kwa upepo. Yakaondolewa, watazamaji wasije wakadhani ni mabawa. Dave Bowman, mwanaanga mwenzake Poole, anapojirusha kuingia chomboni bila kofia, wengi hucheka na kusema angepasuka. Asingepasuka. Mwaka 1966 fundi mmoja wa NASA mjini Houston alipatwa na ajali ndani ya chumba cha ombwe, vazi lake likapoteza hewa. Alibaki na fahamu kwa sekunde 14 hivi, na jambo la mwisho alilokumbuka ni mate yakichemka ulimini. Alipona. Kosa la Bowman ni kwamba alibana pumzi. Angetakiwa aishushe yote, la sivyo mapafu yangechanika.

Sasa HAL 9000, kompyuta iliyomuua Poole. Mtaalamu wa akili bandia Marvin Minsky alikuwa miongoni mwa washauri, na mashine waliyoitoa haina mwili wala hasira: ina jicho jekundu na sauti ya upole. Bowman anapochomoa kumbukumbu zake moja baada ya nyingine, HAL anaimba Daisy Bell, wimbo ule ule ambao kompyuta ya IBM ilifundishwa kuimba mwaka 1961 katika maabara za Bell, Clarke akausikia huko. Katika riwaya yake Clarke anafafanua kwa nini HAL aliharibika. Aliundwa atoe habari za kweli bila kupotosha, kisha wakubwa wakamwamuru awafiche wanaanga lengo la safari. Amri mbili zisizopatana ziliingia katika akili isiyojua kudanganya. Kwangu mimi hiyo ndiyo sehemu ya kutisha zaidi, kwa kuwa hatia inarudi kwa walioandika amri. Leo mashine za kuzungumza zimo mifukoni mwetu, na wachache wanauliza ziliamriwa nini kabla hazijatujibu.

Mrusi Andrei Tarkovsky aliiona filamu ya Kubrick kuwa baridi, imependa vyombo kuliko watu. Solaris yake ya 1972, iliyotokana na riwaya ya Stanisław Lem, karibu haina mashine ya kutamani. Mji wa wakati ujao ni barabara za Tokyo tu zilizopigwa picha kutoka ndani ya gari. Bahari inayofikiri inamrudishia mwanasaikolojia Kelvin mkewe aliyejiua, na mke huyo anaanza kujiuliza kama yeye ni mtu. Hapa dai langu linatiwa majaribuni, maana swali ni zito na fizikia ni haba. Lem mwenyewe alikasirika, akaona riwaya yake ya sayansi imegeuzwa hadithi ya dhamira na toba. Hata hivyo kuna nusu dakika ambayo kituo chao cha angani kinapoteza uzito. Mishumaa inaelea maktabani, na wale wawili wanainuka wamekumbatiana, yeye wa nyama na yeye wa kumbukumbu, hakuna aliye mzito kuliko mwenzake. Tarkovsky alichukua kanuni moja tu, akaielekeza pale palipouma.

Wakati huo huo sayansi yenyewe ilikuwa ikipata jambo la ajabu kuliko filamu zote, na lilipatikana pwani yetu. Tarehe 12 Desemba 1970, kutoka jukwaa la Waitaliano la San Marco lililosimama baharini karibu na Malindi, ilirushwa setilaiti ya kwanza kujengwa kwa ajili ya kutafuta miale ya eksirei itokayo angani. Miale hiyo haipenyi hewa ya dunia, kwa hiyo ni lazima uifuate juu. Kwa kuwa siku hiyo Kenya ilitimiza miaka saba ya kujitawala, setilaiti ikapewa jina Uhuru. Ilionyesha kwamba eksirei za chanzo kiitwacho Cygnus X-1 zinapepesa kwa kasi mno, ishara kwamba zinatoka karibu na kitu kidogo sana. Wanafalaki walipopima nyota inayozungukana na kitu hicho, waliona kina uzito mkubwa kuliko nyota yoyote iliyokufa wanayoijua. Ndiyo hoja ya kwanza yenye nguvu kwamba mashimo meusi yapo. Mwaka 1974 mwanafizikia Stephen Hawking aliwekeana dau na mwenzake Kip Thorne kwamba Cygnus X-1 si shimo jeusi. Mwaka 1990 akakubali ameshindwa.

Thorne huyo ndiye mtu muhimu kuliko wote katika historia ninayoisimulia. Mwaka 1985 rafiki yake Carl Sagan, akiandika riwaya ya Contact, alimwomba njia ya kumfikisha mhusika wake nyota za mbali bila kuvunja sheria za Einstein. Thorne akafikiria njia ya mkato inayopenya kati ya sehemu mbili za ulimwengu. Swali la riwaya likamng'ang'ania, na mwaka 1988 yeye na mwanafunzi wake Michael Morris wakachapisha makala ya kitaalamu juu yake. Filamu ya Contact ilitoka 1997. Sagan alikuwa amefariki Desemba iliyotangulia.

Kisha ikaja Interstellar ya Christopher Nolan, mwaka 2014. Thorne aliandika milinganyo, na mafundi wa picha wa kampuni ya Double Negative ya London wakaigeuza kuwa programu. Baadhi ya fremu zilichukua hadi saa 100 kukokotolewa. Lilipotokea shimo jeusi Gargantua, pete ya mwanga ilionekana imekunjwa juu na chini yake, kwa sababu mvutano unaupinda mwanga unaotoka nyuma. Kazi hiyo ikachapishwa kwenye jarida la fizikia mwaka 2015. Nolan aliacha jambo moja: kwa sayansi, upande wa pete unaokuja kwetu ungeng'aa kuliko upande unaotoroka, naye alihofia kuwachanganya watazamaji. Tarehe 10 Aprili 2019 wanafalaki walipotoa picha ya kwanza ya shimo jeusi, lile la galaksi M87, upande mmoja wa pete uling'aa zaidi.

Katika filamu hiyo Nolan alitaka sayari ambayo saa moja ni miaka saba ya duniani. Thorne alidhani haiwezekani, akaenda kupiga hesabu, akakuta inawezekana iwapo shimo linazunguka karibu na mwisho wa kasi ya mashimo meusi. Kwa hiyo rubani Cooper anaporudi kutoka kwenye sayari ile ya maji na kukuta miaka 23 imepita, akakaa mbele ya kiwambo kutazama wanawe wakikua, wakioa na kuzika, machozi yake hayana mchezo wa kubuni ndani yake. Muda kweli haukimbii sawa kwa wote. Baba aliyekawia saa chache amekosa maisha ya mwanawe, na hakuna wa kumlaumu. Baadaye, Cooper anapoanguka ndani ya shimo na kujikuta nyuma ya kabati la vitabu la bintiye, na upendo ukawekwa mahali pa milinganyo, filamu inanipoteza. Penye hesabu niliumia. Hapo naona ninabembelezwa.

Hesabu isiyobembeleza niliikuta karibu na nyumbani. Mwaka 2009 Mkenya Wanuri Kahiu alitengeneza filamu ya dakika ishirini na kitu, akaiita Pumzi. Vita vya maji vimepita miaka 35 iliyopita, watu wamejifungia ndani, wanazalisha umeme kwa misuli yao, wanakunywa jasho na mkojo wao uliosafishwa, na wanalazimishwa vidonge vya kuzuia ndoto. Hilo la mkojo si la kubuni: Mei mwaka ule ule, wanaanga wa kituo cha kimataifa cha angani waligonganisha mifuko ya maji yaliyosafishwa kutoka kwenye mkojo wao, wakanywa. Asha, mtunza makumbusho, anapata udongo ambao vipimo vinaonyesha una maji na hauna sumu ya mionzi. Anaomba ruhusa ya kutoka, ananyimwa, anatoroka na mche.

Mkulima yeyote atakwambia jasho lina chumvi, na chumvi haiupendi mche mchanga. Lakini hesabu ya filamu hii ni nyingine, ni ya mizani ya maji: kila tone linaloingia mahali fulani limetoka kwa mtu fulani. Kahiu anaishika hesabu hiyo hadi mwisho. Jangwani, Asha anaumwagia mche maji yake ya mwisho, anakamua jasho la nguo yake, kisha anajilaza juu yake ili auwekee kivuli. Kamera inapanda polepole. Yeye anazidi kuwa mdogo kwenye mchanga, na pale alipolala mti unaanza kukua.