Batwa wa Kahuzi: nani aliulizwa?

Koko wangu alifika Bujumbura mwezi wa pili 2025, siku zile Bukavu ilipochukuliwa na M23. Alivuka Rusizi na blanketi na mfuko mmoja wa plastiki. Panga lake aliliacha ng'ambo, na mpaka leo analiulizia.

Mimi nimekulia hapa Buyenzi. Nilikuja mdogo, kwa hiyo Kabare ninayoijua ni ya kusimuliwa. Kila Jumamosi ninakaa na vijana wetu, wengi wana miaka 14 hadi 20. Tunasaidiana masomo, tunacheza mpira, na mara moja kwa mwezi tunamwita mzee mmoja atueleze historia ya kwetu, kwa sababu shuleni hapa hawafundishi ya Kivu, na kwetu hatupo. Mwezi wa sita nikamleta koko.

Alituambia juu ya mlima Kahuzi. Alisema wakati wa ujana wake, miaka ya 70, yeye na wenzake wa Miti walipewa kazi ya kukata mpaka wa parke. Walikata laini msituni kwa panga, siku nyingi, wakalipwa. Kwake ile ilikuwa kazi ya kwanza ya mshahara. Vijana walifurahi. Halafu binti mmoja, ambaye kwa miezi minne hakuwa amefungua mdomo, akauliza: "Koko, na watu mliowakuta mule ndani, walienda wapi?"

Koko alinyamaza muda mrefu. Kisha akasema: "Batwa balikuwa mule, twote tulijua. Lakini hakuna mutu alituuliza, na sisi hatukuuliza mutu."

Ndugu msomaji, jibu hilo ndilo limenifanya niandike. Nilienda kusoma, nikauliza watu, na nataka nikueleze nilichokipata, kwa sababu wengi wetu humu tunatoka kandokando ya msitu ule na hatujui historia yake.

Wakoloni wa Kibelgiji walitenga eneo la mlima Kahuzi kuwa hifadhi mwaka 1937. Wakati ule Batwa waliendelea kuishi humo: kuwinda, kurina asali, kuchuma dawa, kuzika wafu wao. Tarehe 30 Novemba 1970, serikali ya Mobutu ilitangaza Parke ya Taifa ya Kahuzi-Biega, hekta 60,000. Mwaka 1975 ikaongezwa mpaka ikafika hekta 600,000. Sheria ikasema mtu haruhusiwi kuishi ndani. Hesabu inayotajwa mara nyingi ni Batwa wapatao 6,000 waliotolewa. Hawakupewa ardhi nyingine, hawakulipwa fidia, na hakuna aliyekaa nao chini kuwauliza. Mwaka 1980 UNESCO ikaiandika Kahuzi-Biega kwenye orodha ya urithi wa dunia. Kwa hiyo ilikuwa urithi wa dunia nzima, isipokuwa wale waliozaliwa humo.

Kuna jambo moja linaloniuma zaidi. Parke ile ilijulikana duniani kwa sababu ya gorila. Mbelgiji Adrien Deschryver ndiye anayesifiwa kwa kuwazoesha gorila wale macho ya watu. Lakini nani alimwonyesha njia zao? Ni Batwa. Wao ndio waliojua kusoma nyayo, kinyesi, majani yaliyotafunwa, na mahali kundi lililala jana. Yaani ujuzi wao ulihitajika, wao wenyewe hawakuhitajika. Wachache walipata kazi ya kuongoza wageni, na jamaa zao walibaki nje kama maskwota kwenye mashamba ya watu wengine.

Mashamba ya nani? Hapa lazima niseme ukweli: mashamba yetu. Ya Wabashi, ya Wahavu, ya Watembo, sisi majirani. Mutwa alilima shamba la mtu akapewa mihogo. Hakula nasi sahani moja, hakunywa kwenye kikombe kimoja na sisi. Serikali ndiyo iliyomtoa msituni, lakini aliyemkataza kukaa kwenye benchi ni jirani. Tukisimulia historia hii tukasema tu "wakoloni", tukasema tu "Mobutu", tunakuwa tumeruka sura moja.

Sasa, wengine wataniambia: kijana, kama wasingetolewa, msitu ungekwisha na gorila wangekwisha. Hoja hiyo siidharau. Gorila wa Kahuzi hawapatikani popote duniani isipokuwa mashariki ya Kongo, na vita vimewapunguza sana. Mwaka 1997 UNESCO iliiweka parke kwenye orodha ya urithi ulio hatarini. Lakini tujiulize ni nani aliyeufikisha msitu pale. Ni vita, ni vikundi vyenye silaha, ni migodi ya koltani na dhahabu kule chini. Batwa walikuwa wameshatolewa zamani. Kwa hiyo kumtoa Mutwa hakukuulinda msitu. Kulimwondoa tu mtu ambaye angepiga kelele alipoona miti inaanguka.

Swali hili haliko kwetu tu. Kule Aktiki, kaskazini kabisa ya dunia, kwenye barafu, mwaka 1977 tume ya kimataifa ya nyangumi iliwakataza Inupiat wa Alaska kuwinda nyangumi, mnyama aliyewalisha tangu mababu. Wanasayansi walisema nyangumi wale wamebaki wachache mno. Wawindaji wakajibu: hamuhesabu vizuri, nyangumi wanapita hata chini ya barafu, na wengine wanapita mbali na pwani mahali macho yenu hayafiki. Wakaunda tume yao wenyewe mwaka huohuo, wakadai uhesabuji mpya. Miaka ya 80 watafiti walipotega vyombo vya kusikiliza sauti chini ya maji, walikuta wazee wale walisema kweli: nyangumi walikuwa wengi kuliko ilivyodhaniwa. Leo uwindaji unaendelea kwa idadi iliyokubaliwa, na wawindaji wenyewe wanashiriki kuisimamia. Nyangumi wameongezeka.

Mwaka 1996 zikakutana nchi 8 za kaskazini zikaunda Baraza la Aktiki. Ndani yake mashirika ya wenyeji, kama ya Inuit na ya Saami, yana viti vya kudumu mezani. Leo ni mashirika 6. Hawapigi kura kama nchi, na wao wenyewe wanalalamika kwamba haitoshi. Lakini lazima washauriwe kabla ya uamuzi. Nilipowasomea vijana habari hii, mmoja alicheka: "Kumbe hata kwenye barafu kuna Batwa!" Ndiyo. Kila mahali kuna mtu aliyekuwepo kabla ya ramani kuchorwa.

Na kwetu Afrika? Mambo yanatembea, polepole. Waendorois wa Kenya walitolewa kando ya ziwa Bogoria miaka ya 70 kwa ajili ya hifadhi ya wanyama. Mwaka 2010 uamuzi wa Tume ya Afrika ya Haki za Binadamu na Watu ulitangazwa: walionewa, warudishiwe ardhi. Waogiek wa msitu wa Mau walishinda kwenye Mahakama ya Afrika pale Arusha tarehe 26 Mei 2017, na mwaka 2022 mahakama ikaamuru walipwe fidia. Lakini Novemba 2023 baadhi ya nyumba zao zikabomolewa tena. Hukumu ni karatasi. Anayeitekeleza ni yuleyule aliyeshitakiwa.

Batwa wa Kahuzi nao walipeleka kesi yao kwenye Tume ile mwaka 2015. Uamuzi ulitolewa hadharani mwaka 2024. Tume ilisema Kongo ilivunja haki zao: za maisha, za mali, za utamaduni na nyingine. Ikapendekeza warudishiwe ardhi ya mababu na hati yake, walipwe fidia, na serikali iwaombe msamaha mbele ya watu wote. Kabla ya hapo, Julai 2022, Kongo yenyewe ilikuwa imetia saini sheria ya kuwalinda watu hawa wa asili. Sheria inazungumza juu ya ridhaa: kabla ya kuwagusa ardhi yao, waulizwe, waelewe, wakubali. Hilo neno "waulizwe" ndilo koko alikuwa analitafuta bila kujua.

Lakini katikati ya kesi na uamuzi, watu walichoka kungoja. Oktoba 2018 familia za Batwa zilirudi msituni zenyewe. Kilichofuata kilikuwa kibaya kwa kila mtu. Walinzi waliuawa, Batwa waliuawa. Ripoti ya Minority Rights Group ya Aprili 2022 ilieleza mashambulizi ya walinzi na wanajeshi kwenye vijiji vya Batwa kati ya 2019 na 2021, nyumba kuchomwa na watu kupoteza maisha. Na miti ilikatwa, mingi, ikachomwa makaa, yale sisi tunayoita makala. Ndipo wengi wakasema: mnaona? Mutwa ndiye anayeharibu.

Mimi nauliza: makala hayo yalipikia nini? Yalipikia bugali Bukavu. Yalinunuliwa na sisi. Mutwa hana lori. Wafanyabiashara na wenye bunduki walikuwa nyuma ya biashara ile, na mkata mti alipata sehemu ndogo kuliko wote. Sitaki kumfanya Mutwa malaika; mtu mwenye njaa anakata mti, Mutwa au si Mutwa. Ninachosema ni kwamba ukimnyima mtu sauti miaka 40, siku akirudi, hatarudi na mpango wa usimamizi mkononi.

Hapa Burundi tunapoishi, sheria ilifanya jambo ambalo kwetu Kongo halipo. Tangu katiba ya 2005, baada ya makubaliano ya Arusha ya mwaka 2000, Batwa wana viti 3 vya kuteuliwa kwenye Bunge na viti 3 kwenye Seneti. Katiba ya 2018 haikuviondoa. Ni jambo la kuheshimu. Lakini hiyohiyo Burundi, mwaka 2007, Umoja wa Mataifa ulipopigia kura tamko la haki za watu wa asili, haikusema ndiyo wala hapana, na Kenya nayo hivyohivyo. Na ukienda vijiji vya kandokando ya Kibira utakuta Batwa wengi bado wanatafuta kipande cha kulima na udongo wa kufinyanga vyungu. Kwa hiyo kiti ni mwanzo. Kukaa kwenye mkutano na kusikilizwa kwenye mkutano ni vitu viwili.

Sisi wakimbizi tunalijua hilo kuliko mtu yeyote. Tunaitwa kwenye kikao, tunasaini kwenye karatasi ya waliohudhuria, tunapewa soda, halafu tunaambiwa yale yaliyokwisha kuamuliwa. Tunarudi nyumbani tukinung'unika: mbona hawakutuuliza? Nami nimenung'unika hivyo mara nyingi.

Basi sikiliza nililolifanya mimi. Yule binti alipojiunga na kikundi chetu, nilijaza fomu yake. Kulikuwa na nafasi ya kabila. Sikumuuliza. Nilimsikia anaongea Mashi vizuri, nikaandika "Mshi", nikaendelea na fomu nyingine. Siku ile ya koko, wenzake walipokwisha kutoka, alikuja kwangu akasema taratibu: "Kaka, mimi ni Mutwa wa Kalehe. Ile karatasi uliandika peke yako."

Nilitaka kujitetea. Nilitaka kumwambia kwamba nilimlinda, kwamba vijana wengine wangemcheka. Lakini ndivyo walivyosema hata waliokata ule mpaka: tunafanya kwa faida. Faida ya msitu, faida ya gorila, faida yake. Nikachukua fomu, nikampa kalamu, nikamuuliza anataka iandikwe nini, na kama anataka wenzake wajue. Alifuta, akaandika mwenyewe. La pili akasema atafikiri.

Alifikiri wiki tatu. Mwezi wa nane akaniambia mzee wa kutueleza historia safari hii awe nyanya yake, ambaye yuko hapa hapa mjini na anazijua dawa za msituni. Nikasema sawa. Akasema ana sharti moja: koko wangu awepo, akae mbele.

Nilimpelekea koko ujumbe huo jioni. Alikuwa nje anachambua sombe. Aliuliza: "Atanitukana?" Nikamwambia sijui, koko. Akaendelea kuchambua, majani kadhaa, kisha akauliza ni saa ngapi.