Saa Moja ya Nakonde

Watu wa Tunduma wana udugu nasi watu wa visiwani ambao aghalabu hautajwi. Tarehe 1 Julai 1890, mjini Berlin, Mwingereza na Mjerumani walitia saini mkataba mmoja. Kwa mkataba huo Mjerumani aliridhia Unguja na Pemba ziingie chini ya himaya ya Mwingereza, naye akapewa kisiwa cha Heligoland kule Bahari ya Kaskazini. Katika waraka huohuo ukapigwa mstari baina ya Ziwa Nyasa na Ziwa Tanganyika. Mwingereza alishikilia kwamba ile njia iliyoitwa kwa jina la Stevenson, tajiri wa Glasgow, ibakie upande wake. Ndipo Wanyamwanga wakajikuta wamo katika dola mbili. Hawakuulizwa, kama nasi tusivyoulizwa. Mwaka 1898 walikuja wapimaji kuutafuta mstari huo ardhini, na Tunduma ya leo imekaa juu yake. Nakonde ya Zambia iko ng'ambo, na baina yao ni mwendo wa miguu.

Mahali kama hapo mtu huzeeka kwa namna ya peke yake. Mzee wa Tunduma aliyezaliwa zama za Waingereza alizaliwa katika Jimbo la Nyanda za Juu Kusini. Akaja akazeeka katika Mkoa wa Mbeya. Tangu mwaka 2016 anahesabiwa kuwa mtu wa Mkoa wa Songwe, ambao makao yake makuu ni Vwawa, na katika safari zote hizo hakuhama nyumba. Mashine za siku hizi, zinazotaka kujua mtu kazaliwa mkoa gani, hazina subira na jibu refu namna hiyo. Wala hazina subira na vidole. Mwaka 2019 nchi nzima ilianza kusajili laini za simu kwa alama za vidole, na kidole kilichoshika mpini wa jembe miaka hamsini michoro yake husagika. Mzee yupo, amesimama, anapumua, mjukuu wake anamshuhudia. Kioo kinasema hapana.

Si ajabu basi mzee huyo akapenda kuzungumza habari za reli. Naye ana haki. Novemba 1965 walowezi wa Rhodesia walipojitangazia uhuru wao, Zambia ilifungika njia yake ya kusini, na macho yakageukia Dar es Salaam. Mwaka 1968 bomba la mafuta lilikwisha kufika Ndola. Oktoba 1970 ujenzi wa reli ukazinduliwa kwa mkopo wa Wachina usio na riba, mwaka 1973 mataruma yakafika Tunduma, na Julai 1976 TAZARA ikakabidhiwa rasmi: kilomita 1,860 hadi Kapiri Mposhi. Aliyekuwa kijana wa miaka ishirini siku garimoshi la kwanza lilipotokeza mpakani sasa amevuka sabini. Mwambie kwamba mwaka 2024 serikali tatu zilitia saini makubaliano ya kuifufua reli hiyo, atacheka kidogo. Mwenzake wa ujanani anapelekwa hospitali, na yeye aendaje?

Lakini wazee (na mimi nimo katika safu hiyo) tuna tabia ya kuchagua. Tunakumbuka barua na mwanzo wake wa heshima, dhumuni la waraka huu ni kutaka kujua hali yako, na kalamu iliyochovywa polepole. Hatupendi kukumbuka kwamba barua ya msiba iliweza kufika arobaini imekwisha kusomwa. Tunazikumbuka salamu za Radio Tanzania, watu kumi na watano kwa pumzi moja. Tunausahau mwanzo wa miaka ya 1980, ambapo redio ilikuwapo na betri zake hazipo, na sabuni ni ya foleni. Leo binti aliyeko Dar es Salaam anamtumia babake fedha kwa simu, huduma iliyoingia nchini mwaka 2008, nazo hufika kabla mzee hajamaliza kulalamika kwamba watoto wa siku hizi hawaandiki. Hata noti za ng'ambo zilipunguza maneno: Januari 2013 Zambia ilifuta sifuri tatu katika kwacha yake, na aliyezoea kuhesabu mabunda hadi ulimi ukauke akabaki na vijikaratasi vichache. Thamani ni ileile, ila mkono ulikwisha kuzoea uzito.

Jambo linalonipendeza zaidi Tunduma ni saa. Tanzania iko mbele ya Zambia kwa saa moja kamili. Simu hupokea saa yake kutoka kwenye mnara, na karibu na mpaka haichagui mnara wa nani. Hivyo mtu aweza kulala na saa ya Tanzania akaamshwa na ya Zambia, naye hakutoka kitandani. Mjukuu husema simu imekosea. Mzee mwenye saa ya mkono ya kutia ufunguo hanyanyui kichwa.

Na hapo pana neno ambalo wapenda Kiswahili watalifurahia. Hesabu yetu ya saa inafuata jua: jua likichwa ni saa kumi na mbili, kisha usiku unaanza kuhesabiwa. Tunduma iko magharibi mno, na jua lake huchwa takriban dakika 25 baada ya kuchwa Unguja. Kwa saa ya serikali mara nyingi huwa inakaribia saa moja ya usiku, na mwezi Desemba huipita. Nakonde, jua hilohilo, saa ya ukutani inaonyesha karibu na kumi na mbili. Kwa hiyo ukitaka kumwona Mswahili wa kale akienda sawa na saa yake katika pembe ile ya nchi, sharti umvushe mpaka, na umpigishe foleni ya uhamiaji.